Nilivyowapanga wapigaji wa Death kwa sikio tu

Mwaka 2008 nilikuwa nimepanga chumba Temeke. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akisoma Nairobi alipita kunisalimia akiwa na flashi yenye albamu zote saba za Death, bendi ya Florida, Marekani, inayopiga metali, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme. Nikaikimbiza kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, kijana wa pale akaniwekea kwenye kadi ya simu, nikarudisha flashi, rafiki akapanda basi. Usiku nilipofungua simu nikakuta majina yote yamefutika. Folda saba zimekuwa moja, nyimbo 62 zimebaki na namba tu, na namba zenyewe zimevurugwa.

Ningeweza kuzisikiliza hivyo hivyo. Kilichonikosesha usingizi ni neno aliloniachia rafiki yangu kabla ya kuondoka: "Bendi hii haina albamu mbili zilizopigwa na watu walewale. Aliyekuwepo mwanzo mpaka mwisho ni Chuck Schuldiner peke yake." Ni kweli kabisa. Walianza 1983 kwa jina la Mantas, mwaka uliofuata wakajiita Death, na kuanzia albamu ya kwanza ya 1987 hadi ya mwisho ya 1998 kila safu ina sura mpya. Nikajiambia, kama watu ni tofauti, basi lazima wasikike tofauti. Nikanunua daftari.

Wazo hilo sikulitoa hewani. Mjomba wangu aliyenilea Tanga ni mtu wa dansi tangu ujana wake. Redio ikipiga wimbo wa zamani, mwimbaji hajafungua kinywa mjomba keshasema hao ni Mlimani, hao ni Msondo, na gitaa hilo ni la fulani kabla hajahama. Nilipokwenda likizo nilimsikilizisha nyimbo mbili za Death. Hakuzipenda, na aliniambia hivyo bila kunificha. Lakini nilipomweleza ninachotaka kufanya, akakaa sawa kwenye kiti.

"Mpwa wangu, wewe bado unasikiliza kelele. Achana na kelele, sikiliza mkono. Mtu akihama bendi anaacha sare, anaacha gitaa la watu, anaacha hata nyimbo alizotunga. Mkono anahama nao."

Akanipa mfano wa Muhidin Gurumo, aliyeondoka bendi iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma akaenda Mlimani Park 1978, kisha 1985 akaenda Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Kote huko, mjomba alisema, ukimsikia unamjua.

Nilianza na sauti kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Chuck aliimba kwenye albamu zote saba, lakini sauti yake ilisafiri. Kwenye nyimbo za mwanzo inatoka tumboni, nzito, maneno yanatafunwa. Miaka inavyokwenda inapanda kooni na kuwa kali kama msumeno unaokata bati. Nikapata mafungu matatu: sauti ya chini, ya kati na ya juu. Wimbo mmoja ulikuwa na sauti ya juu kiasi kwamba niliandika "mwimbaji mwingine?" Baadaye nilikuja kujua ni Chuck yuleyule akirudia Painkiller, wimbo wa bendi ya Judas Priest, mwisho wa albamu ya mwisho.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Kila usiku, nikitoka kazini, nilivaa spika za masikioni na kufuata chombo kimoja tu. Usiku wa ngoma ni ngoma, usiku wa besi ni besi. Wapigaji nitawataja kwa majina, ingawa wakati ule kwenye daftari walikuwa herufi tu.

Kwenye fungu la sauti ya chini niliwasikia wapiga ngoma wawili. Wa kwanza alipiga kwa pupa, kama mtu anayekimbilia daladala, na sauti ya kurekodi ilikuwa kavu. Huyo ni Chris Reifert wa albamu ya kwanza, Scream Bloody Gore, 1987. Wa pili alitulia, mapigo yamenyooka, hana madoido. Huyo ni Bill Andrews, na alinitesa sana, kwa sababu alipiga albamu mbili mfululizo, Leprosy ya 1988 na Spiritual Healing ya 1990. Mkono mmoja, albamu mbili, utazitenganishaje?

Ilinibidi nihamie kwenye gitaa la pili. Nyimbo nyingine zilikuwa na solo zinazolia na kuzama ghafla, nyuzi zikilegezwa na ule mkono wa chuma wa gitaa mpaka zinaguna. Nyingine zilikuwa na solo zenye wimbo ndani yake, unaweza hata kuzipiga mluzi. Solo za kuguna ni za Rick Rozz, mmoja wa waanzilishi wa 1983, aliyerudi kwa ajili ya Leprosy. Za kupigika mluzi ni za James Murphy, aliyechukua nafasi yake. Shida ni kwamba Chuck naye anapiga solo kwenye albamu zote mbili, kwa hiyo kila mara nilipodhani nimemkamata mtu, nilikuwa nimemkamata Chuck.

Fungu la kati lilikuwa na nyimbo chache, nane, na hizo ndizo nilizozisikiliza kuliko zote. Mojawapo inaanza na ngoma tupu. Zinaanza kwa mbali, kama mtu anayekaribia kutoka mwisho wa barabara, miguu yote miwili ikipiga bila kupumzika, mikono ikizunguka ngoma za juu, na sauti inapanda kidogo kidogo mpaka magitaa yanaingia. Niliirudisha sehemu ile ya mwanzo mara nyingi sana usiku ule. Mapigo hayakuwa yamenyooka tena. Matoazi yalikuwa yakicheza upande wao, mguu upande wake, na bado vyote vinakutana pale vinapotakiwa. Kama mtu angeniambia hii ni bendi nyingine kabisa ningekubali bila ubishi. Kwenye daftari niliandika, "Hapa wamebadilika wote."

Na kweli walikuwa wamebadilika wote. Hiyo ni Human ya 1991. Mpiga ngoma ni Sean Reinert, kijana aliyezaliwa 1971. Yeye na mpiga gitaa Paul Masvidal walitoka bendi ya Cynic, na masikio yao yalikuwa yameshaingia kwenye jazi. Besi ni ya Steve DiGiorgio wa bendi ya Sadus, ila kwenye toleo la zamani imefukiwa chini ya magitaa. Mimi sikuisikia hata kidogo. Miaka mingi baadaye nilipata toleo la 2011 lililochanganywa upya, ndipo nikagundua ni mambo gani yalikuwa yamefichwa mle.

DiGiorgio huyohuyo ndiye aliyeniokoa kwenye fungu la juu. Fungu hilo lilikuwa na wapiga ngoma wawili. Mmoja, ambaye albamu yake inafunguliwa na ngoma zake, alijaza mapigo kila pembe. Huyo ni Richard Christy, The Sound of Perseverance, 1998. Mwingine alikuwa na nguvu na nidhamu ya ajabu, kila pigo linatua palepale linapotakiwa. Baadaye nilikuta mashabiki wanamwita Saa ya Atomiki. Ni Gene Hoglan, na yeye pia kapiga albamu mbili mfululizo. Tatizo lilelile la Bill Andrews.

Safari hii jibu lilikuja usiku mmoja, nikiwa nimelala chali, taa imezimwa. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulifika mwishoni, magitaa yakapungua, besi ikabaki mbele ikijiongelesha. Noti hazikuwa zinaruka kutoka moja hadi nyingine. Zilikuwa zinateleza. Niliketi. Mlio huo nimekua nao. Kila mtoto wa pwani aliyelala akisikia taarabu ya jirani anaujua: ndivyo udi unavyolia, kwa sababu shingo ya udi haina vile vyuma vya kugawa noti, kidole kinateleza kitakavyo. Nikajua kwamba mpiga besi yule anatumia besi yenye shingo tupu isiyo na vyuma. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Penye ngoma za Saa ya Atomiki na besi inayoteleza ni Individual Thought Patterns ya 1993, ambayo gitaa la pili ni la Andy LaRocque wa kundi la King Diamond. Penye ngoma hizohizo na besi iliyotulia nyuma ni Symbolic ya 1995, wapo Kelly Conlon kwenye besi na Bobby Koelble kwenye gitaa.

Baada ya miezi minne nilikwenda kwenye intaneti, nikalipia saa mbili, nikaandika orodha za albamu zote pamoja na dakika na sekunde za kila wimbo, nikaja kulinganisha na simu yangu. Ningeweza kufanya hivyo siku ya kwanza. Sikutaka. Nilitaka kujua kama mjomba anasema kweli.

Kati ya nyimbo 62 nilikuwa nimepatia 49. Tisa zilikuwa zimebadilishana nafasi kati ya Leprosy na Spiritual Healing, na tatu kati ya albamu mbili za Hoglan. Lakini kosa lililonishangaza halikuwa la wimbo. Kwa Scream Bloody Gore nilikuwa nimeandika "wapigaji wanne". Walikuwa wawili. Reifert alipiga ngoma, na vingine vyote, magitaa, besi na sauti, ni Chuck, akiwa hajafikisha hata miaka 20. Kuna jina la mpiga gitaa mwingine kwenye albamu hiyo, John Hand, lakini hakupiga noti hata moja.

Pia nilielewa kwa nini Human ilinisikikia kama bendi nyingine. Mwishoni mwa 1990 Death walitakiwa kwenda ziara ya Ulaya. Chuck aliona maandalizi hayaridhishi, akabaki nyumbani. Andrews na mpiga besi Terry Butler wakaenda bila yeye, nafasi yake ikazibwa na watu wengine, wakapanda jukwaani kwa jina lilelile. Waliporudi, hawakuwa tena ndani ya bendi. Tangu siku hizo Chuck aliacha kutafuta kikosi cha kudumu, akawa anatafuta watu kwa ajili ya albamu iliyo mbele yake.

Wapo mashabiki wanaosema Death ni Chuck, wengine walikuwa vibarua. Nimekaa na nyimbo hizi miezi minne bila jina hata moja mbele yangu, na siwezi kukubaliana nao. Nyimbo alitunga yeye, hilo halina mjadala. Lakini kila alipoingia mtu mpya, Chuck naye alibadilika mkono. Alipopata wapiga ngoma wanaoweza kumfuata popote, alianza kwenda mahali ambapo miaka mitatu nyuma asingethubutu. Vibarua hawakufanyii hivyo. Na wengi wao hawakumsahau. Alipogundulika ana uvimbe kwenye ubongo 1999, akafariki tarehe 13 Desemba 2001 akiwa na miaka 34, nyimbo hazikufa naye. Tangu 2012 wapigaji wake wa zamani wamekuwa wakizunguka nazo kwa jina la Death to All. Reinert naye alifariki 2020. Siku niliyosikia habari hiyo nilirudia zile ngoma zinazokuja kutoka mwisho wa barabara.

Wimbo wa 13 niliokosa sikuwa nimeuweka popote. Ulikuwa namba 037. Hauna mwimbaji, na hauna ngoma. Ni magitaa tu, moja la kawaida lisilo na umeme likishika chini, jingine likilia juu yake. Njia zangu zote ziligonga mwamba. Nilipokwenda tena Tanga, kabla ya kwenda intaneti, niliubeba.

"Shikamoo mjomba. Nimebakiza mmoja."

"Marahaba. Lete."

Alichukua spika zote mbili za masikioni, akafumba macho. Wimbo ulipoisha akaniashiria niurudishe. Akausikiliza mara tatu, na mara ya tatu mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja, vidole vinatembea kama vimeshika shingo ya gitaa.

"Huyu ndiye mwenye bendi," akasema. "Yule aliyekuwemo kwenye zile mbili ulizoniletea mwanzo. Ametulia tu."

Nikamuuliza ni wa albamu ipi. Akasema hilo mimi ndiye mwenye daftari. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akanipa, akataka nimwekee. Akauliza unaitwaje. Wakati ule sikujua bado kwamba unaitwa Voice of the Soul na kwamba umetoka kwenye albamu ya mwisho, kwa hiyo nikamwachia na namba yake. Mpaka leo kwenye simu yake umeandikwa 037, uko katikati ya nyimbo za Mlimani.