Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa wodini, Tanga

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, maandazi na mbaazi, kisha baiskeli kutoka Makorora. Kabla ya saa 1 nimeshafika. Watu wakisikia nafundisha matabibu hudhani nashinda ofisini. Kazi yangu ni ya miguu. Nasimama nyuma ya mwanafunzi aliyemshika mtoto wa watu. Akikosea yeye, nimekosea mimi.

Makabidhiano ya zamu, raundi, mafaili. Saa 3 na nusu akaingia bibi kambeba mjukuu wa miaka miwili, hajitambui vizuri, kipimo kinaonyesha malaria.

“Usiku alistuka mwanangu, macho yakageuka juu. Majirani wakasema ni degedege, akichomwa sindano atakufa. Nimekuja naye hivyohivyo.”

Nikampa kiti, nikamshika mkono. Mtoto kupimwa, kilo 12. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu keshatoa simu, anatafuta dozi ya artesunati, sindano ya malaria kali.

“Madam, artesunati ni miligramu 2.4 kwa kilo. Yaani 28.8.”

“Umesoma wapi?”

“Nimeiuliza chatboti, hii akili mnemba ya kwenye simu.”

Nikamwambia alete mwongozo wa matibabu. Mezani haupo, droo ya kwanza haupo, kumbe umewekewa dawa juu yake. Anatafuta huku ananiambia, “Lakini Madam, imeeleza vizuri.”

Hapo ndipo ninapochoka. Imeeleza vizuri, kweli. Na hiyo 2.4 si ya kubuni, ni dozi ya mtu mzima na ya mtoto wa kilo 20 kwenda juu. Chini ya hapo ni 3.0, tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipandisha mwaka 2015, kwa sababu kwa dozi ileile damu ya mtoto mdogo hubaki na dawa pungufu. Chatboti hupanga maneno kwa kufuata maandishi iliyolishwa, ya kale na ya sasa. Haikumwona huyu mtoto wala haikuuliza uzito wake una maana gani.

Ilipofika saa 4 mtoto akachomwa miligramu 36, yaani 3.0 mara kilo 12. Baadaye nikamwambia kijana avute maji kwenye mabomba mawili ya sindano, mililita 2.9 kwa dozi ya chatboti na 3.6 kwa dozi sahihi, ayainue dirishani. Aliyatazama muda mrefu, hakusema kitu.

Mchana sikumbuki vizuri. Wagonjwa wa nje, vitabu vya kusaini, mgongo.

Sijawakataza akili mnemba. Waitumie nyumbani, bila jina la mgonjwa. Usiku mimi mwenyewe naiagiza iwe mzazi, wanafunzi wajifunze kuuliza historia. Leo nimeiambia iwe bibi mwenye mjukuu. Ikaandika, “Mjukuu wangu amepata mtukutiko unaohusiana na homa.” Bibi gani wa Tanga anasema hivyo? Nikafuta, nikaifundisha: alistuka, macho yakageuka juu, majirani wakasema.

Saa 4 na dakika chache ujumbe ukaingia kutoka wodini, kijana kabaki zamu ya usiku kwa hiari yake. “36 ya pili imeingia Madam. Amelia, ameomba maji.”

Nikarudi kwa bibi yangu wa kwenye simu. Bado alikuwa hajataja sindano.