Oili inavuja? Anza kukagua juu

Usikimbilie kufungua sampo (bakuli la oili chini ya injini). Oili hushuka na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone la chini huenda limetoka juu kabisa. Osha injini, ikauke, endesha dakika 15, kisha mulika tochi kuanzia juu.

Kwenye Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, shuku kwanza gasketi (mpira wa kuziba) ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini: mpira hukauka kwa joto, ukawa mgumu kama plastiki. Safisha kingo, pachika mpya, weka silikoni kidogo tu pale kava ya taimingi (kifuniko cha cheni ya injini) inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini). Boliti kaza kwa Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya torki) basi! Ukikaza kwa hasira kava inapinda, inavuja tena. Kagua na valvu ya PCV (inayotoa presha ndani ya injini). Ikiziba, presha husukuma oili kwenye sili.