Maji ya Mkanda, bando la WhatsApp na tovuti ya mgombea wa wadi

Kwetu Lamu bado tunamwita diwani, ingawa mabaraza ya zamani yalivunjwa mwaka 2013 na jina lake sasa ni mwakilishi wa wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Nchi nzima wadi ni 1,450, kaunti yetu ina 10. Riziki yangu ni kutengeneza tovuti: za nyumba za wageni, za wenye majahazi ya watalii, na msimu wa kura ukifika, za wagombea. Hizi za wagombea zilikuwa sura moja zote. Picha kubwa ya mwenyewe, rangi za chama, kaulimbiu, na ukurasa wa "Wasiliana nasi" usiomfikisha mtu popote. Mwaka 2022 mgombea mmoja wa wadi ya Faza, kule kisiwani Pate, aliponiita, nilimwambia nitamfanyia kwa sharti moja: kila nitakachoongeza kiwe ni kitu mpiga kura atakitumia hata kama hana haja ya kuona picha yake. Akacheka, akakubali. Nitamwita Maalim, kwani ndivyo anavyoitwa na nusu ya kisiwa, nusu hiyo ikiwa aliisomesha chuo cha Kurani.

Kabla ya kuandika chochote niliketi gatini na vijana wanaosubiri mashua, nikawaomba wafungue tovuti yake ya zamani kwenye simu zao. Kwa wengi haikufunguka. Simu zilikuwa nzuri tu na mtandao ulikuwepo, ila kijana wa kwetu akinunua bando hununua la WhatsApp peke yake, kwa kuwa ndilo la bei rahisi, na bando hilo halimtoi nje ya WhatsApp. Kiungo anakiona, akikigusa kinazunguka weee, au kinamla krediti. Kwa hiyo kila ukurasa niliuwekea kitufe cha "Peleka WhatsApp" kinachobeba maneno yenyewe kwa ufupi, kiungo kikifuata chini kwa mwenye bando kamili. Kando yake nikaweka sauti ya Maalim akisoma maneno yale yale, isiyofika dakika moja. Siyu na Pate, miji ya kisiwani humo, wapo wazee wanaosoma herufi za Kiarabu vizuri kuliko hizi za Kirumi, na hao sauti ndiyo iliyowafikia. Picha nilizipunguza mpaka ukurasa wa mbele ukawa chini ya kilobaiti 200. Vijana wa kampeni walilalamika kwamba Maalim anaonekana mdogo. Niliwaacha walalamike.

Kalenda ya mikutano ilinifurahisha zaidi. Tangazo la "Faza, saa nne asubuhi" lina faida gani kama maji yamekupwa? Mashua ya kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, na maji yakiwa madogo chombo hukaa juu ya tope kikasubiri. Basi kila mkutano niliuandikia saa ya maji kujaa siku hiyo, na saa ya mwisho ya kuondoka kwa anayetaka kurudi Amu siku ile ile. Hesabu yenyewe si ngumu kwani maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, lakini ilibidi niihakikishe kwa nahodha, maana majedwali hayajui tope la Mkanda. Kipindi cha kampeni, kuanzia 29 Mei hadi 6 Agosti, kiliangukia kwenye msimu wa upepo wa kusi, bahari ikiwa chafu, na mikutano kwa kanuni ilitakiwa kumalizika saa kumi na mbili jioni. Waandaaji waliokuwa wamezoea kupanga kwa kichwa wakaanza kupanga kwa kalenda. Baada ya muda ikaanza kusambazwa na wachuuzi wa samaki ambao siasa za Maalim hawakuwa nazo habari.

Kitufe cha kuchangia kwa M-Pesa nilikiweka kwa kuwa alikitaka. Waliokibonyeza wengi walikuwa wanatafuta namba yake wamwombe yeye mchango. Tuliache hilo.

Kazi kubwa ilikuwa sehemu niliyoiita "Muulize diwani". Mtu anaandika swali au anatuma kwa sauti, anapewa namba, na jibu linatoka hadharani kila mtu alione, jina la muulizaji likifichwa akitaka. Maswali yakaja kwa wingi: jabia (tangi la kuwekea maji ya mvua) limepasuka, zahanati haina dawa, gati halina taa, mtoto amekaa mwaka mzima akisubiri kitambulisho, karo ya sekondari, askari wa kituo fulani. Nilipoyapanga niliona karibu nusu hayamhusu kabisa mwakilishi wa wadi. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: zahanati, chekechea, masoko, maji, vivuko na magati ni ya kaunti, polisi, shule za sekondari na vitambulisho ni ya serikali kuu. Tena hata yale ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza mjumbe wa bunge la kaunti kuingilia kazi za utendaji au kutoa huduma kama vile yeye ni mwajiriwa wa kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kuisimamia serikali ya kaunti na kupeleka sauti ya watu wake.

Nikapendekeza kila swali liwe na alama: la kaunti, la serikali kuu, la mfuko wa mbunge. Maalim hakupenda.

"Mwanangu, mtu amenijia na shida ya kitambulisho, nami nimwambie si kazi yangu? Kura yake atampa yule atakayemwambia nitakuletea."

"Maalim, usiishie hapo. Mwambie ni kazi ya nani, ofisi iko wapi, na wewe ukiwa mwakilishi utamsaidia vipi kufuatilia."

Alinyamaza, akaomba muda. Aliporudi alikuwa amejibu maswali matano kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, kila jibu kwa mistari mitatu kama nilivyosema. La jabia alilijibu vizuri kuliko ambavyo ningeliandika mimi, maana alijua lilijengwa na nani na maji yake yanaelekea wapi. Tangu hapo majibu yalikuwa yake, kazi yangu ikabaki alama. Jukwaani, sitaficha, wapambe wake waliendelea kuahidi hadi barabara za serikali kuu. Tovuti haina mkono wa kuwaziba midomo.

Hakuna mahali tulipomwomba mtu namba ya kitambulisho. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama bila wao kujua, na tangu hapo ukitaja kitambulisho mtu anafunga simu. Fomu yetu iliomba jina na kijiji. Simu ilikuwa hiari, na kisanduku cha kukubali kupokea ujumbe kilikuwa wazi mpaka mwenyewe akiguse. Aliyetaka kujua kama yumo katika sajili ya wapiga kura tulimwelekeza kwenye namba 70000 ya Tume ya Uchaguzi, atume ujumbe mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, lakini kanuni za usajili zilianza kutumika 14 Julai 2022, katikati ya kampeni, na zinamtaja waziwazi anayekusanya taarifa za watu ili kuomba kura: lazima ajisajili kwa Kamishna wa Data, awe mdogo au mkubwa. Wagombea wengi wa wadi hawalijui hili. Mwenye kuwatengenezea tovuti anapaswa kulijua kabla yao.

Matokeo ya kura siyaelezi hapa. Kisiwani kwetu kura ina mambo ya ukoo na chama ambayo tovuti haiyafikii. Uchaguzi ulipokwisha nilifuta orodha ya namba zote, isipokuwa za walioomba waendelee kupata majibu. Haikupita muda akaja mtu kutaka kuinunua.

Maswali na majibu bado yako hewani, na kikoa, yaani anwani ya tovuti, Maalim analipa mwenyewe kila mwaka. Ninachoongeza sasa, kabla ya kura ya 10 Agosti 2027, ni tarehe za bajeti ndani ya ile kalenda ya maji: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi la jabia likifika mwezi wa saba, litangoja mwaka mwingine.