Ejenti haoni shiti, kwa hiyo mwandikie

Zana ya kufomati seli za lahajedwali, kama shiti ya Excel, inaonekana nyepesi kuliko zote unazoweza kumpa ejenti wa AI, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa kuita zana, manake kazi yake ni nini zaidi ya kuweka herufi nzito, kupaka rangi, kuchora mipaka na kuamua namba ionekaneje. Lakini mi nimekaa nayo nikiandika maelezo yake, yale ejenti anayoyasoma ili ajue kuitumia, na nashikilia kwamba inataka umakini kuliko hata zana ya kufuta data, sababu hii ikitumika vibaya hakuna kinacholalamika. Seli inapakwa, jibu linarudi kwamba imefanikiwa, ejenti anasonga mbele na shiti imeshaharibika.

Mtu akifomati vibaya anaona palepale, kabonyeza alama ya asilimia, 15 yake ikawa 1500%, anarudisha. Ejenti ana maelezo ya zana, ana orodha ya parameta (vitu anavyotakiwa kujaza akiiita), ana jibu linalorudi, basi. Kila ambacho jicho la mtu lingekamata inabidi kiwe kimeandikwa mahali.

Cha kwanza kabisa kuandika, na mi nakiweka sentensi ya juu kabisa, ni kwamba kufomati hakubadilishi thamani iliyo ndani ya seli. 0.15 ukiipa fomati ya 0% inaonekana 15% lakini fomula bado zinaisoma 0.15. Tarehe ndo balaa zaidi, Excel inaitunza kama hesabu ya siku, kwa hiyo 1 Januari 2024 ndani ni 45292, sasa ejenti akisoma seli akakuta 45292 anaweza kudhani data imeingia vibaya akaanza kuandika upya tarehe zote kama maandishi, na hapo kupanga kwa tarehe na kutoa siku kwa siku vyote vinakufa. Na kinyume chake pia kiandikwe: maandishi "2024-01-01" hayageuki kuwa tarehe kwa sababu tu umeipa seli fomati ya tarehe. Namba ya simu iliyokatwa sifuri ya mbele hairudishiwi sifuri kwa kuiwekea fomati ya maandishi, ile @ inatakiwa iwepo kabla data haijaingia. Hili si jambo dogo, mwaka 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitoa mwongozo uliobadilisha majina kama SEPT1 na MARCH1 yakawa SEPTIN1 na MARCHF1, sababu lahajedwali zilikuwa zinayageuza tarehe. Yaani jeni ndo zikabadilishwa jina!

Alafu kuna suala la kutaja eneo. Watu tunasema A1:D1 tunaelewana, ila API ya Google Sheets, yaani njia ambayo programu nyingine zinaiagiza, inahesabu kuanzia 0 na namba ya mwisho haihesabiwi, kwa hiyo A1:D1 inakuwa mstari 0 hadi 1, kolamu 0 hadi 4. Ukimwachia ejenti abuni ni ipi kati ya hizo mbili, siku moja atapaka mstari wa chini ya kichwa na hatajua. Ushauri wangu zana ipokee A1:D1 kama ilivyo, hesabu za sifuri zifanyike ndani huko. Na useme kolamu nzima ikitajwa inakuwaje, manake A:A kwenye Excel ni mistari 1,048,576.

Rangi fupi tu: sema kama nyekundu inaandikwa #FF0000 au kwa namba kati ya 0 na 1, na weka mfano mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki cha fomati ya zamani. Ejenti ameambiwa paka njano, je mipaka na fomati ya namba iliyokuwepo inabaki au inafutika? Kwenye API ya Google Sheets unataja sehemu unazotaka kugusa, na ukitaja userEnteredFormat nzima, yaani fomati yote ya seli, huku umeleta rangi peke yake, vingine vyote vinarudi kama seli mpya. Kwenye openpyxl, maktaba ya Python ya kushughulikia faili za Excel, ukiipa seli Font mpya yenye herufi nzito tu, rangi na saizi uliyokuwa umeiweka havibaki. Andika wazi: "Ambacho hukukitaja hakiguswi", alafu hakikisha msimbo unafanya hivo kweli. Na kama zana inaunganisha seli, sema kabisa kwamba inabaki thamani ya juu kushoto, nyingine zinapotea, hapo ndo sehemu pekee ambapo kufomati kunakula data.

Ile mm kwenye fomati ya tarehe na saa nayo itajwe, ikiwa karibu na saa au sekunde inasomeka dakika, kwingine ni mwezi.

Jibu la zana nalo nalihesabu ni sehemu ya maelezo. Badala ya kurudisha "imefanikiwa", rudisha "seli 12 zimebadilika, B2 ina 0.15, inaonekana 15%", hapo ejenti angalau amepewa jicho. Na kosa liseme dawa: "rangi iandikwe kama #RRGGBB, umeleta red" anarekebisha mwenyewe mara moja, ila "ombi si sahihi" atazunguka nalo mpaka achoke.

Sasa huwezi kuandika kitabu, maelezo ya zana yanaingia kila mara kwenye muktadha wa modeli, ile AI inayomwendesha ejenti, na yanakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma kwa kuhesabu. Mi natoa yote yanayoeleza herufi nzito ni nini, hayo modeli inayajua, nabakiza tabia za zana hii peke yake. Kuyapima namwonyesha ejenti maelezo bila msimbo wa zana, nampa kazi kama "fanya kolamu C iwe asilimia bila kugusa mipaka", namwomba aandike ombi na aseme wapi amekisia. Kila alipokisia naongeza sentensi, na sentensi ambayo haijamsaidia kwenye kazi yoyote naifuta.