Mtu wa tatu ndani ya Battle

Juu ya meza yangu ipo modeli ya Fairey Battle, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, ya plastiki, kipimo cha 1/72. Mabawa yamekauka, rangi ya tumbo nimepaka, lakini kioo cha juu sijakibandika kwa siku tatu sasa. Nikikibandika nitakuwa nimewafungia watu watatu humo ndani, na bado nawafikiria.

Mbele ni rubani. Wa pili ni mwongoza njia, ambaye ikifika saa ya kulenga mabomu alilala kifudifudi chini ya kiti cha rubani na kuchungulia kwenye tundu la sakafuni. Nyuma kabisa, mgongo kwa wenzake, yupo mtu wa redio ambaye ndiye pia mpiga bunduki. Bunduki yenyewe ni moja tu.

Battle ilipaa mara ya kwanza Machi 1936, na kwa macho yangu ni ndege nzuri, ndefu na laini. Injini yake ni Merlin, ileile iliyowekwa kwenye Spitfire, ndege ya kuwinda ndege za adui. Ila Spitfire ilimbeba mtu mmoja. Battle ilibeba watatu na mabomu ya kilo 450 hivi, kwa injini hiyohiyo moja. Hapo ndipo msiba wake ulipoanzia, miaka kadhaa kabla ya vita.

Septemba 1939 vikosi kumi vya Battle vilihamia Ufaransa. Tarehe 30 mwezi huo tano zilitoka kufanya upelelezi, nne zikaangushwa. Onyo lilikuwa wazi, na bado ndizo zilizokuwepo Wajerumani waliposhambulia Mei 1940. Tarehe 10 Mei zilitumwa 32 kupiga misafara iliyokuwa ikipita Luxembourg, 13 hazikurudi.

Siku mbili baadaye kikosi namba 12 kilitakiwa kuvunja madaraja mawili ya Mfereji wa Albert, huko Ubelgiji. Marubani wote walijitolea. Ziliruka tano, na hakuna hata moja iliyorudi kiwanjani kwake. Donald Garland, mwenye miaka 21, aliongoza tatu chini kabisa kuelekea daraja la Veldwezelt, moto wa mizinga ukiwasubiri. Yeye na mwongoza njia wake, sajenti Thomas Gray, walitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Nyuma yao, kwenye ndege hiyohiyo, alikuwa Lawrence Reynolds, mpiga bunduki. Alikufa nao. Hakupewa nishani yoyote.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara inanichoma. Ndege ni moja, njia ni moja, kifo ni kimoja. Yeye hakushika usukani, ni kweli, lakini aliikabili safari ile kama wao, tena akiwa ametazama nyuma, bila kuona kinachomjia.

Tarehe 14 Mei ilikuwa Sedan, mji wa Ufaransa: Battle 63 zilitumwa, 35 zikapotea. Kwa kazi ya mchana juu ya Ulaya, ndege hii ilikaribia kwisha pale, ingawa iliendelea kuruka usiku hadi vuli ya 1940. Marubani wa Afrika Kusini waliitumia kutoka Kenya dhidi ya Waitaliano, ambako anga haikuwa na ndege za kuwinda nyingi kiasi kile.

Waliodumu nayo zaidi ni wanafunzi. Zilipelekwa kwa wingi Kanada na Australia. Nyingine zilivuta shabaha za kitambaa angani, na huko Kanada nyingine ziliwekewa kibanda cha bunduki kinachozunguka, pale nyuma, vijana wajifunze kupiga. Yaani Battle iliishia kufundisha kazi ya Reynolds.

Leo asubuhi nimechukua brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo nikampaka uso. Kofia ya ngozi, miwani, shingo. Wale wawili wa mbele nitawapaka kesho.