Nilivyomfuatilia mwanangu njiti kwa simu ya video

Mwanangu ni njiti, yaani alizaliwa kabla ya wakati, wiki ya 30 ya mimba, akiwa na gramu 1,300. Tuliporuhusiwa alikuwa ameshajua kunyonya, ila bado alitakiwa kuangaliwa mara kwa mara, na sisi tunaishi Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam. Anayeijua barabara ya huko wakati wa masika haniulizi zaidi. Ukifika mjini kuna benchi la kliniki lililojaa watoto wanaokohoa, nawe umembeba kifuani mtoto ambaye mafua tu yanaweza kumrudisha kwenye oksijeni. Sista wa kliniki ya njiti aliposema, "Mama, tutakuwa tunabadilisha, mara uje, mara tukupigie video," nilikubali hata hajamaliza.

Dokta alianza na pumzi kila mara. Unamvua mtoto fulana, unamlaza chali akiwa ametulia, simu unaiegemeza mahali isitikisike. Yangu ilikaa kwenye kopo la sukari. Anahesabu dakika nzima, kwa sababu njiti hupumua kwa vipindi: anakwenda haraka, anatulia kidogo, anaanza tena. Zikizidi 60 kwa dakika naye katulia, hiyo si ya kusubiri. Anaangalia pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu.

Sasa mtandao wetu! Picha ikikwama sekunde tano, pumzi tano zimepotea, hesabu inakuja ndogo kuliko ilivyo. Tukakubaliana niwe namrekodi kabla ya miadi, dakika moja na kidogo, nimtumie WhatsApp. Nasema kweli, kale kavideo kalisaidia kuliko simu yenyewe. Siku moja dokta alikaangalia akanipigia hapo hapo, muda wetu haujafika: "Mama, anabonyea. Nenda hospitali ya karibu sasa hivi, usije huku." Tulichukua bajaji, mtoto kifuani, akalazwa na nimonia. Mimi nilikuwa nimeona kachoka tu na joto.

Mwanga nao ni kazi. Taa ya chumbani kwetu humpa kila mtu rangi ya mgonjwa, kwa hiyo nilimsogeza dirishani asubuhi, kofia na soksi zikabaki. Dokta alitaka kuona ulimi na midomo, maana kwa watoto wetu weusi ubluu wa kukosa hewa hauonekani vizuri kwenye ngozi. Mama mkwe hakufurahi hata kidogo: "Mnamwanika mtoto kwenye simu, watu wa huko wote wanamwona?" Nikamwomba akae pembeni yangu simu ikipigwa. Akaanza na yeye kuuliza maswali, tena marefu kuliko yangu.

Uzito simu haipimi. Nilimpeleka zahanati ya mtaani, mizani ile ile, mtoto bila nguo, nikapiga picha namba na kuituma. Dokta alitaka aongeze kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo mbili hapo ni gramu 200 na kidogo kwa wiki. Akipungukiwa, tunarudi kwenye kukamua na kumuongezea kwa kikombe.

Macho ndiyo kabisa usidanganyike. Mishipa ya ndani ya jicho la njiti haijakomaa, ikiota vibaya mtoto anaweza kupofuka huku kwa nje jicho linang'aa. Lazima daktari wa macho atie matone ya kupanua mboni na achungulie mwenyewe. Kipimo cha kwanza alifanyiwa wodini. Cha kurudia tulikwenda na mvua yetu.

Siku hizi video ni za kuangalia anavyoshika vitu na kugeuka. Umri wake wanauhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, yaani wanatoa wiki 10. Jirani akiuliza mbona hajakaa, mama mkwe ndiye anayemjibu, na wiki anazitaja.