Mafia, usiku wa Hidaya

Alhamisi ya Mei 2, 2024, boti ya Nyamisati ilijaa watu waliotaka kufika makwao kisiwani Mafia kabla bahari haijafungwa. Watatu tu kati yetu tulikuwa tunakifuata Kimbunga Hidaya: mwalimu mmoja wa jiografia, kijana anayesomea uhandisi, na mimi. Tunapenda hali ya hewa kama wengine wanavyopenda mpira. Mwaka 2019 tulikesha na Kimbunga Kenneth kilipopita Komoro na kuingia Cabo Delgado, huku watu wa Mtwara wakihamishwa kwa tahadhari. Mwaka 2021 tulikifuatilia Jobo mpaka kikanyong'onyea kabla ya kufika Dar es Salaam. Vyote hivyo tuliviona kwenye simu. Hidaya tulitaka kukisubiri tukiwa tumesimama mahali kinapokuja.

Nauli ilipandishwa palepale gatini, na aliyeuliza sababu aliambiwa kama hataki asubiri boti ya wiki ijayo. Mama mmoja mwenye watoto wawili alikuwa amepungukiwa, abiria tukamchangia. Bado moto unaniwaka nikikumbuka. Siku ambayo watu wanatafuta usalama ndiyo siku ya kuwakamua?

Kuvuka kwenyewe kulikuwa kulowa na kutapika. Maji ya upande wa delta yalikuwa bado ya matope, maana mafuriko ya Aprili ya Rufiji na Kibiti hayakuwa yamekwisha. Kilindoni tulipata chumba cha 40,000: kitanda, chandarua kilichotoboka, ndoo ya maji, na jenereta inayozimwa saa nne usiku. Ukitaka iendelee unaongeza 10,000. Tuliongeza, kwa sababu ya kuchaji simu.

Ijumaa asubuhi Hidaya kilikuwa tayari kimbunga kamili, mashariki yetu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari kwa mikoa ya pwani. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Mwalimu hakukaa chini siku nzima. Mafia iko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na huku nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo mpaka uzunguke ni dhaifu. Ndiyo maana vimbunga vingi vya bahari yetu huishia Madagaska na Msumbiji. Ukiuliza vilivyoipiga pwani yetu kwa nguvu, watu watakutajia kile cha Zanzibar cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu, na kile cha Lindi cha Aprili 1952. Hiki cha pili nimekulia nacho. Mimi ni mtu wa Lindi, na bibi yangu alihesabu umri wa watoto wake kwa kimbunga: huyu kabla, huyu baada.

Alasiri tulishuka pwani. Wavuvi walikuwa wanapandisha vyombo. Walilaza magogo ya mnazi mchangani, wakaishika mashua huku na huku, na kila waliposukuma mmoja alitangulia kuimba, wengine wakapokea kwa pumzi moja. Mashua ikapanda hatua mbili, ikatulia. Gogo la nyuma likatolewa, likakimbizwa mbele. Tulivua viatu tukaingia. Mbao zilikuwa na utelezi wa sifa, yale mafuta ya papa, na bega langu lilibaki na harufu hiyo mpaka kesho yake. Ngalawa zilikuwa nyepesi, zikapelekwa mpaka chini ya minazi, mlingoti ukang'olewa, tanga likakunjwa na kubebwa nyumbani.

Aliyekuwa akielekeza kazi ni mzee mmoja mwenye kikoi na koti la mvua lililopasuka kwapa. Tulimwamkia.

"Marahaba wanangu. Nyie ndio wa serikali?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kukiangalia kimbunga."

Alitutazama mmoja mmoja. "Mimi mbona sioni kitu? Huu si kusi tu? Mwezi wa tano huu, kusi lazima livume."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Upepo ulitoka kusini, bahari ilikuwa ya kijivu, na mtu aliyezaliwa pwani hana sababu ya kushtushwa na kusi la Mei. Lakini kwetu, kusini mwa ikweta, kimbunga huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, hivyo aliye magharibi yake hupata upepo wa kusini. Kwa saa nyingi za mwanzo Hidaya kilikuja kimevaa nguo za kusi.

Mwalimu akamwomba asimame naye. "Mzee, elekea upepo unakotoka. Sasa nyoosha mkono wa kushoto." Mzee akanyoosha. Mkono ukaelekea mashariki, upande wa visiwa vya Chole na Juani na bahari kuu. "Kimbunga kiko huko mkono unakoonyesha, kidogo mbele au nyuma yake. Baada ya saa mbili rudia. Mkono ukihamia kaskazini, kinapita kaskazini yetu. Ukihamia kusini, kinapita kusini. Usipohama, kinakuja hapa."

Mzee hakusema kitu. Alichoma kijiti mchangani pale alipokanyaga, akachoma kingine mbele kwa mwelekeo wa mkono. Kisha yeye naye akatufundisha jambo. Alisema kwa mwezi wa mwandamo leo ni ishirini na nne, maji ni mafu, yaani hayajai sana kama ya bamvua. "Kingekuja na bamvua, maji yangelala sokoni. Mwenyezi Mungu katupa maji mafu." Sisi tulikuwa na ramani za mawimbi, picha za setilaiti na makisio ya kituo cha vimbunga cha Réunion, na katika mazungumzo yetu yote tangu Dar es Salaam hakuna aliyekuwa ametazama mwezi. Nilimheshimu mno. Maji ya bahari yakisukumwa na kimbunga hupanda juu ya yale ya kawaida, na tofauti ya maji mafu na bamvua pwani yetu ni ya mita na zaidi. Aliyoyasema yalikuwa habari muhimu kuliko nyingi tulizokuwa tukisoma.

Jioni alirudi kwenye vijiti vyake. Akaelekea upepo, akanyoosha mkono. Haukuwa umehama.

"Haya," akasema, akawaambia vijana waongeze kamba kwenye vyombo.

Usiku ule sikulala. Simu yangu inapima mgandamizo wa hewa, na katika nchi za joto mgandamizo huo una tabia yake: hupanda mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha hushuka. Saa nne ya Ijumaa usiku haukupanda: kimbunga kilikuwa kinaushusha. Nilikaa kitandani nikiutazama mstari ule ulionyooka badala ya kuinuka, nikasikia mwili mzima unasisimka. Wenye nyumba walikuwa wamelala. Nilikwenda kuwaamsha wasogeze watoto kwenye chumba chenye kuta za matofali, wakasogeza bila ubishi.

Jumamosi ilikuwa mvua na upepo. Makuti yaliruka, minazi kadhaa ikalala, bati la jirani lilipigapiga mpaka likang'oka. Lakini kishindo tulichokitegemea hakikuja. Kwenye picha za setilaiti mawingu yalikuwa yanasambaratika, na usiku Mamlaka ikatangaza kuwa Hidaya kimeingia nchi kavu kisiwani Mafia na kimepoteza nguvu. Kijana wetu alikuwa na huzuni ya kutoliona jicho la kimbunga, na simlaumu, nilimwelewa. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mzee tulimkuta asubuhi anafungua kamba. Alisema mkono wetu ni wa kweli.

Hapo ningeweza kumaliza, lakini simu ya mama iliita kutoka Lindi.

Huko kwetu mvua ilikuwa imemwagika usiku na mchana. Nilipoiangalia ramani upya nikaona kwa nini. Upepo ukizunguka kwa kufuata mshale wa saa, walio kusini mwa kitovu hupigwa na upepo unaotoka baharini, umebeba maji, unayamwaga nchi kavu. Kilwa na Lindi zilikuwa kusini. Macho ya nchi nzima yalikuwa Mafia, kwenye kitovu, na maji yakashukia upande ambao hatukuutazama. Barabara kuu ya kusini ilikatika wilayani Kilwa, eneo la Somanga.

Bahari ilipofunguliwa nilivuka, nikawaacha wenzangu warudi Dar es Salaam, nikaelekea kusini. Sikufika. Foleni ya malori na mabasi ilianza mbali kabla ya daraja, na mbele yake lami ilikuwa imeliwa, maji ya kahawia yanapita pale magari yalipokuwa yakipita. Chupa ya maji ya kunywa ya 1,000 iliuzwa 2,500. Watu walilala chini ya malori. Dereva mmoja wa lori la nyanya alifungua turubai akaanza kugawa, maana zilikuwa zinaoza.

Sisi wa Lindi na Mtwara tuna barabara moja tu ya pwani ya kutufikisha Dar es Salaam. Ikikatika, tunazunguka kupitia Songea, na nani ana nauli hiyo? Nilimpigia mama nikiwa pale foleni. Aliniambia nyumba imesimama, choo cha nje kimeanguka, na nisijaribu kuvuka maji kwa miguu kama wengine. Nikamwambia nimesikia. Nilimtumia pesa ya fundi kwa simu, nikapanda basi lililogeuza kurudi Dar es Salaam, na kondakta akatudai nauli kamili.